Jedwali, grafu au mlinganyo? Ushike kipi ukikutana na mstari mnyoofu

Tuanze na fulana. Darasa linakaribia mahafali, kamati imeundwa, na mhazini ameleta bei kutoka kwa mafundi wawili wa kuchapa. Fundi wa kwanza anataka shilingi 60,000 za kutengeneza fremu ya maandishi, kisha 8,000 kwa kila fulana. Wa pili hadai pesa ya fremu, ila fulana yake moja ni 11,000. (Bei nimezitunga mwenyewe ili zigawanyike bila mkia; usiende kumbana nazo fundi wa mtaani kwako.) Nani apewe kazi?

Kwenye kamati hakukosi wa kusema tumchukue wa pili, hana gharama ya kuanzia. Hakukosi pia wa kusema tumchukue wa kwanza, 8,000 ni ndogo kuliko 11,000. Wote wawili wamesema kweli na wote wawili hawajajibu swali, kwa sababu hakuna aliyeuliza fulana ni ngapi.

Mambo ya aina hii, ambapo kitu kimoja kikiongezeka kwa moja kingine nacho hubadilika kwa kiasi kilekile siku zote, ndiyo yanayoitwa uhusiano wa mstari mnyoofu. Mwanafunzi wa sekondari hukutana nayo mapema, na karibu kila kitabu humwonyesha njia nne za kuyaandika: maneno, jedwali, grafu na mlinganyo. Vitabu huzipanga njia hizo kama ndugu wanne waliogawiwa urithi sawasawa. Mimi niliyekaa jioni nyingi na watoto wa tuisheni nina maoni mengine. Kila moja ina kazi inayoiweza na kazi inayoishinda, na mwanafunzi anayeshika mlinganyo kwanza kwa sababu ndio unaoonekana wa kisomi, mara nyingi ndiye anayekwama mapema.

Maneno

Hii ndiyo njia kongwe. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye neno aljebra limetokana na jina la kitabu chake, aliandika hesabu zake zote kwa maneno. Hakukuwa na x wala alama ya kujumlisha, hata namba zenyewe alizitaja kwa maneno. Alama ya sawasawa (=) ilikuja baadaye sana, mwaka 1557, kwa mkono wa Robert Recorde wa Wales.

Kwa hiyo mtoto anayesema "mimi naelewa ukinieleza, ila ukiandika x napotea" hana upungufu wowote. Kinachotakiwa ni kumwonyesha maneno mawili ya kuwinda ndani ya swali. La kwanza ni "kila", pamoja na jamaa zake: kwa siku, kwa kilo, kwa kichwa. Namba iliyokaa karibu nalo ndiyo itakayozidishwa. La pili ni lolote linalotaja kitu kinacholipwa au kilichokuwepo mara moja tu: kiingilio, kianzio, ya fremu, "tayari alikuwa na". Namba hiyo husimama peke yake. Zaidi ya hapo maneno hayakufikishi mbali. Ukitaka kulinganisha mafundi wawili kwa maneno matupu utaishia kwenye mabishano ya kamati.

Jedwali

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa jedwali ndilo linalodharauliwa kuliko yote na ndilo ninalolipendekeza kwa yeyote anayeanza.

| Fulana | Fundi wa fremu | Fundi asiye na fremu |
|---|---|---|
| 0 | 60,000 | 0 |
| 5 | 100,000 | 55,000 |
| 10 | 140,000 | 110,000 |
| 15 | 180,000 | 165,000 |
| 20 | 220,000 | 220,000 |
| 25 | 260,000 | 275,000 |
| 30 | 300,000 | 330,000 |

Soma safu ya kati kutoka juu kwenda chini: 60, 100, 140, 180, kila hatua ni elfu 40. Hicho ndicho kipimo cha mstari mnyoofu, na hakihitaji kalamu. Ukiona hatua zinakua (1, 4, 9, 16 zina hatua za 3, 5, 7) jua huo si mstari mnyoofu, hata kama namba zinapanda vizuri. Ukiona namba inajirudufu (2, 4, 8, 16) huo ni mnyama mwingine kabisa.

Mtego wa jedwali ni mmoja, nao hunasa wengi. Mwanafunzi huona hatua ya 40,000 akaandika kwamba bei inapanda 40,000 kwa kila fulana. Hakutazama safu ya kushoto, ambayo inaruka tano tano. Elfu 40 gawanya kwa 5 ni 8,000, bei ya fulana moja tuliyoijua tangu mwanzo. Mtunga mtihani akitaka kukuchezea hubadilisha mruko wa safu ya kushoto katikati, labda 0, 5, 10, halafu 20. Hatua ya mwisho itakuwa kubwa mara mbili, na asiyekuwa macho atatangaza kwamba uhusiano si wa mstari. Gawanya kila hatua kwa mruko wake kwanza, ndipo useme.

Sasa chukua safu mbili za bei uzitoe. Fundi wa fremu yuko juu kwa 60,000, kisha 45,000, 30,000, 15,000, sifuri, halafu anakuwa chini kwa 15,000, na 30,000. Pengo lenyewe linakwenda kwa hatua sawa! Linapungua 3,000 kwa kila fulana, yaani 11,000 toa 8,000. Kwa hiyo pengo la mwanzo, 60,000, litaisha baada ya fulana 60,000 ÷ 3,000, ambazo ni 20. Hapo umepata jibu la kamati bila kuandika x hata moja. Chini ya 20 mpe kazi asiye na fremu, juu ya 20 mpe mwenye fremu, zikiwa 20 kamili chagua aliye karibu na kituo cha daladala.

Wafanyabiashara wengi hufanya hesabu hiyohiyo kichwani bila kuiita aljebra. "Amenitangulia kwa kiasi gani, na kila hatua namkaribia kwa kiasi gani?" Ukiweza kuuliza hivyo, milinganyo sambamba, yaani miwili inayotatuliwa kwa pamoja, utakayofundishwa baadaye itakuwa inarudia jambo unalolijua.

Udhaifu wa jedwali hujitokeza pale jibu linapoanguka katikati ya mistari yake. Tuseme fundi wa pili amepunguza bei hadi 10,500. Kwenye fulana 20 yeye ni 210,000 dhidi ya 220,000, bado ni nafuu. Kwenye 25 ni 262,500 dhidi ya 260,000, amepitwa. Jedwali letu la tano tano linakuambia wamekutana mahali fulani kati ya hapo, basi. Itabidi uongeze mistari, au ufanye mgawanyo wa pengo: 60,000 ÷ 2,500 ni 24.

Grafu

Nguvu ya grafu ni jicho. Mistari miwili ya mafundi wetu ikiwa kwenye karatasi moja, mmoja ukianzia sifuri na kupanda kwa kasi, mwingine ukianzia juu na kupanda polepole, mtu asiyejua kusoma mlinganyo ataona kwamba itakutana na kwamba baada ya kukutana itapishana. Kwa mkutano wa wazazi, kwa bango, kwa mtu ambaye hutaki kumchosha na namba, grafu inashinda.

Inashinda pia mahali ambapo namba zimetoka kwenye kipimo na si kwenye bei ya dukani. Hewa hupoa kadiri unavyopanda mlima. Wastani unaotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa ni nyuzi joto 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Moshi mjini, takriban mita 800 juu ya bahari, ikiwa na nyuzi 28, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895 kitakadiriwa kuwa na kama nyuzi 5 chini ya sifuri. Lakini ukipanda na kipimajoto na kuandika namba kila kambi, hatua zako hazitalingana. Wingu lilipita, jua lilichomoza, ulipima asubuhi huku na jioni kule. Jedwali litakuambia "hatua si sawa, huu si mstari" na litakuwa limekudanganya. Ukiziweka nukta zilezile kwenye grafu utaziona zimejipanga kando ya mstari mmoja unaoshuka, hii juu kidogo, hii chini kidogo, na rula itakuonyesha mwelekeo.

Lakini grafu ya mkono haipimi kwa usahihi. Ile 24 ya punde hivi kwenye karatasi yako inaweza kusomeka 23 au 25, kutegemea kalamu ilivyochongwa. Ndiyo maana nawaambia watoto nukta mbili zinatosha kuchora mstari, lakini ya tatu waiweke iwe shahidi. Isipokaa kwenye mstari, mojawapo ya hizo tatu ina uongo.

Tena kuna suala la vipimo vya mihimili. Mstari uleule unaweza kuonekana kama ukuta au kama sakafu, kutegemea umeipa sentimita moja shilingi ngapi. Kwa hiyo usilinganishe ukali wa mistari iliyo kwenye grafu mbili tofauti kwa kuitazama tu. Angalia pia kama mhimili wa wima umeanzia sifuri. Matangazo ya biashara yanapenda kuuanzisha juu ili tofauti ndogo ionekane kubwa, na mwanafunzi anayesoma mahali mstari unapokata mhimili huo atasoma kianzio kisicho chake.

Jambo dogo la lugha hapa. Ukali wa mstari kwa Kiswahili tunauita mteremko, na neno hilo limeleta vurugu yake. Mteremko mtaani ni kushuka, na kwa vijana ni kitu rahisi. Mtihani ukiwa mteremko umekwisha. Halafu darasani mtoto anaambiwa mstari wenye mteremko chanya unapanda. Nimeona binti mwerevu kabisa akichora mistari yote ya mteremko chanya ikielekea chini, na nilipomuuliza akanijibu, "Si ni mteremko, mwalimu?" Sikuwa na la kumlaumu. Siku hizi naanza na kilima: tembea kutoka kushoto kwenda kulia, ukipanda namba ni chanya, ukishuka ni hasi, ukiwa tambarare ni sifuri.

Mlinganyo

Idadi ya fulana tuiite x, bei yote tuiite y. Fundi wa fremu: y = 8,000x + 60,000. Fundi wa pili: y = 11,000x. Ndani ya mstari mmoja wa maandishi umeweka jedwali lisilo na mwisho. Fulana 137? Zidisha, ongeza, unapata 1,156,000 kwa wa kwanza na 1,507,000 kwa wa pili. Jedwali lingekuchukua ukurasa mzima kufika huko.

Ubora wake mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kurudi kinyumenyume. Mhazini anasema tumechanga 500,000, tutapata fulana ngapi? Kwa wa kwanza, toa 60,000 zinabaki 440,000, gawanya kwa 8,000, fulana 55. Kwa wa pili, 500,000 gawanya kwa 11,000 ni 45 na mabaki yasiyotosha fulana nyingine. Fulana kumi za tofauti! Grafu ingekupa makadirio. Mlinganyo unakupa hesabu ya kumpelekea mhazini.

Ila mlinganyo hauna macho. Utakukubalia x iwe 2 na nusu, ingawa hakuna fulana nusu. Utakukubalia x iwe −3 nao ukupe bei bila kukunja uso. Kujua x inaruhusiwa kuwa nini ni kazi yako, na maneno ya swali ndiyo yanayokuambia. Ndiyo maana njia ya kwanza huwa haitupwi hata ukishafika ya nne.

Herufi nazo zina uraia. Desturi ya kuyaita yasiyojulikana x, y, z na yanayojulikana a, b, c ilienezwa na René Descartes, aliyechapisha mwaka 1637 kazi ya kuunganisha jometri na aljebra. Lakini hakuna aliyezilazimisha nchi kukubaliana kuhusu herufi zilizobaki. Tanzania, Kenya na Uganda, zenye mazoea ya Uingereza, huandika y = mx + c. Video za Marekani zitakuandikia y = mx + b. Kongo na Burundi, mahali masomo yanapotolewa kwa Kifaransa, ni y = ax + b, na mteremko ni a. Sweden ndiyo kiboko: huko ni y = kx + m, kwa hiyo m, ambayo kwetu ni mteremko, kwao ni kianzio. Mtoto aliyehama kutoka Mwanza kwenda Stockholm anaweza kujibu swali zima kwa usahihi kwa herufi alizozizoea Mwanza akapata sifuri. Kwa hiyo usikariri herufi. Kariri nafasi: kilichoshikana na x ndiyo hatua, kilichosimama peke yake ndicho kianzio.

Mlinganyo wa sura gani?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hudhani kuna sura moja halali na nyingine ni za kujifurahisha. Sura ni tatu, na kila moja inafaa habari uliyonayo mkononi.

Ukijua kianzio na hatua, andika y = mx + c, kama tulivyofanya. Hiyo haina mjadala.

Ukiwa na vitu viwili vinavyogawana bajeti moja, achana nayo. Una shilingi 6,000, andazi ni 300 na kikombe cha chai ni 500. Andika kama ilivyo, x ikiwa maandazi na y vikombe: 300x + 500y = 6,000. Ukiilazimisha iwe y = mx + c utapata y = 12 − 0.6x, na utabaki kujiuliza sita ya kumi ya kikombe inanyweka vipi. Ukiiacha ilivyo, kuichora ni dakika moja. Usiponunua chai kabisa unapata maandazi 20, usiponunua andazi hata moja unapata vikombe 12, unganisha nukta hizo mbili kwa rula. Angalia tu kwamba vitabu vingi huiandika sura hii ax + by = c, na c hii si ile ya mx + c. Hapa ni bajeti nzima, kule ni kianzio. Jina moja, watu wawili. Faida nyingine ya sura hii ni kwamba inabeba mstari wa wima, kama x = 4, ambao y = mx + c haiwezi kuubeba hata ukiibembeleza.

Sura ya tatu ni ya mtu aliyeingia katikati ya hadithi. Kijana wa bodaboda amechukua pikipiki kwa mkataba. Kila siku anampelekea tajiri hesabu ya 10,000, na mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa yake. Wewe umekutana naye siku ya 40 akakuambia deni limebaki 2,600,000. Hujui lilianzia ngapi, na huna haja. Andika deni = 2,600,000 − 10,000 × (siku − 40). Mabano yanasema "tangu tulipokutana". Ukitaka kianzio weka siku sifuri, utapata 3,000,000. Ukitaka siku ya uhuru wake, weka deni sifuri, utapata siku ya 300. Vitabu vingi humfanya mwanafunzi aifungue mabano haraka apate y = mx + c, kana kwamba mabano ni uchafu. Yaache. Yanakumbuka mahali ulipoanzia kutazama. Na huyu ndiye mteremko wa kweli, unaoshuka kila siku kwa elfu kumi, isipokuwa siku ya mvua kubwa ambayo mlinganyo hauijui.

Kabla ya kushika chochote: unapita sifuri au haupiti?

Hili ningeliweka mwanzo kama si kuogopa kukuchosha. Shule ya msingi tumefundishwa uwiano. Madaftari matatu ni 1,500, je, matano? Tafuta bei ya moja, zidisha. Njia nzuri, na inakaa kichwani maisha yote. Tatizo ni kwamba inakaa mpaka mahali isipotakiwa. Mwanafunzi anaona fulana 10 kwa fundi wa fremu ni 140,000, anasema 20 ni 280,000. Si kweli, ni 220,000, kwa sababu fremu hailipwi mara mbili. Uwiano ni mali ya mstari unaopita sifuri tu.

Kiswahili chenyewe kina mifano ya pande zote mbili. Vibaba vinne ni pishi moja. Vibaba sifuri ni pishi sifuri, vibaba nane ni pishi mbili. Rudufu huku, kule kunarudufika. Hapo tumia uwiano, mlinganyo ni kujipa kazi. Saa zetu je? Simu ikisema 10:00 asubuhi sisi ni saa nne; kuanzia 7:00 hadi 18:00 kwenye simu, saa ya Kiswahili ni ya simu toa 6. Ni mstari mnyoofu kabisa, hatua yake ni moja, lakini haupiti sifuri. Saa 16 ya simu ni mara mbili ya saa 8, ila saa kumi si mara mbili ya saa mbili. Ni mara tano. Kila Mswahili huitumia hesabu hii mara kadhaa kwa siku, na hajawahi kujaribu kurudufu. Mkumbushe mtoto hilo kabla hajarudufu bei ya fulana.

Halijoto nayo ni hivyohivyo. Farenhaiti ni Selsiasi mara 1.8, ongeza 32. Nyuzi 20 za Selsiasi ni 68 za Farenhaiti, na 40 ni 104, si 136. Jamaa walioko Marekani hutumia njia ya mkato: rudufu, ongeza 30. Huo ni mstari mwingine, mkali kidogo zaidi na ulioanzia chini kidogo. Ukiilinganisha kwa ujanja wetu wa pengo, mstari wa kweli umetangulia kwa 2 na wa mkato unaukaribia kwa 0.2 kila nyuzi, kwa hiyo hukutana kwenye nyuzi 10. Kwenye 25 wa mkato unasema 80 na ukweli ni 77. Kwa kuchagua sweta inatosha. Kwa mtoto mwenye homa haitoshi, tumia mlinganyo wenyewe.

Turudi kwenye kamati, maana ametokea fundi wa tatu. Yeye anasema 300,000, fulana zozote mnazotaka mpaka 40. Mstari wake ni tambarare, mteremko sifuri, na unaishia kwenye 40 kwa sababu baada ya hapo hakuahidi kitu. Kwenye jedwali ni safu ya namba moja iliyojirudia, na mtoto anaweza kudhani umekosea kunakili. Kwenye mlinganyo ni y = 300,000, na mtoto atauliza x imekwenda wapi. Kwenye grafu anaeleweka papo hapo: chora mstari wa kulala, tazama anapomkata fundi wa fremu, ni kwenye fulana 30. Mpaka 20 ni wa pili, kuanzia 20 mpaka 30 ni wa fremu, kuanzia 30 mpaka 40 ni huyu mpya.

Mhazini amehesabu majina. Wako 35. Wa fremu ni 340,000, asiye na fremu ni 385,000, wa tatu ni 300,000. Mwambie amuulize wa tatu kitambaa ni cha aina gani.